Protoni Zangu Zote Zilienda Chini

Ilianza Jumatano, saa nane na robo mchana, kipindi cha kwanza baada ya chakula, ule wakati darasa zima linanuka githeri na mabati juu yetu yanalia kwa joto. Madam wa fizikia aliingia na karatasi za mtihani wetu mdogo zikiwa chini ya kwapa. Hakusalimu. Madam asiposalimu, tunajua.

"Fungeni hayo madirisha ya upande wa barabara," alisema. "Vumbi inaingia. Na wewe wa nyuma, amka, hujafika kwenu bado."

Mimi hukaa nyuma, lakini si mimi niliyekuwa nimelala. Mimi huwa macho sana darasani. Shida yangu ni kuongea. Tangu kidato cha kwanza nimeinua mkono mara chache sana, na moja ya hizo nilikuwa naomba kwenda choo. Mwalimu akiniuliza swali, jibu ninalo, nalihisi pale kooni, lakini likifika kwenye meno linageuka na kurudi lilikotoka. Ndiyo sababu nilichagua fizikia. Wenzangu wanadhani niliichagua kwa kuwa nina akili. Ukweli ni kwamba niliona ni somo ambalo mtu anaweza kulifanya kimya. Unapewa namba, unarudisha namba, na hakuna anayekuambia usimame usome shairi kwa sauti.

Kuipenda kulikuja baadaye, na kulikuja na hii mada ya muhula huu: nguvu ya sumaku juu ya chembe yenye chaji inayosafiri. Kitabu chetu kinaigusa kidogo tu pale kwenye miali ya elektroni, lakini Madam hapendi kugusa vitu kidogo. Alikuja siku moja na televisheni ya zamani, ile yenye mgongo mkubwa, wavulana wawili wakaibeba kama jeneza mpaka maabara. Akaiwasha, kisha akasogeza sumaku karibu na kioo. Mtangazaji wa habari akavutika shavu moja, uso wake ukageuka kijani na zambarau, darasa likapiga kelele.

"Madam, umeua TV ya shule!"

"Nimegeuza njia ya elektroni tu," alisema. "Elektroni zinatoka huko nyuma zikikimbia. Sumaku inazisukuma kando. Leo tunahesabu inazisukuma kwa nguvu gani."

Hesabu yenyewe si ngumu. Unachukua chaji, unazidisha kwa kasi, unazidisha kwa uga wa sumaku, halafu unazidisha kwa sine ya pembe iliyo kati ya mwendo na uga. Protoni ikienda kasi ya mita milioni tatu kwa sekunde na kukata uga wa tesla sifuri nukta mbili kwa pembe mraba, nguvu ni 9.6 × 10⁻¹⁴ niutoni, kitu kidogo kiasi kwamba hakuna mzani wa duka utakaokiona. Ikiukata mshazari kwa digrii thelathini, nguvu inabaki nusu. Ikienda sambamba na uga, haisukumwi hata kidogo, hata ikimbie namna gani. Nilipoelewa hilo nilifurahi peke yangu, kama mtu aliyeokota kitu njiani na hakuna aliyemwona. Na kuna hili lingine ambalo bado linanishangaza: hiyo nguvu haiiongezei chembe kasi wala haiipunguzii. Inaigeuza njia tu.

Sasa, kuhesabu ukubwa ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kusema nguvu inaelekea wapi, na hapo ndipo vidole vinapoingia. Unanyoosha vidole vitatu, kila kimoja kikitazama upande wake kama pembe ya chumba: cha shahada kifuate uga, cha kati kifuate mwendo, na gumba litakuonyesha nguvu inakosukuma. Wakati wa mtihani darasa letu huwa kichekesho. Kila mtu amesokota kiganja hewani, wengine wameinama, wengine wamepinda shingo, na chumba kizima kimya. Mgeni akichungulia dirishani atadhani tunaombewa.

Mimi siku ya kufundishwa vidole sikuwapo, nilikuwa nyumbani na homa. Niliporudi, jirani yangu wa dawati ndiye aliyenifundisha. Yeye ni mtu wa maneno mengi na moyo mkubwa, anatoka upande wa Free Area, na kama si yeye kunisemea, walimu wengine wangedhani mimi ni bubu. Alinipa ule usemi ambao darasa letu lilirithi kwa waliotutangulia, na ambao kila mtu huutumia:

"Pen iandike, mkono mtupu uonyeshe. Hiyo tu. Usijiumize kichwa."

Nikaushika. Kila swali, kalamu yangu iliandika, na mkono mtupu ulionyesha. Tofauti ni kwamba wenzangu waliuonyesha hewani, nami niliuonyesha chini ya dawati, kwa kuwa sipendi kutazamwa nikisokota vidole.

Basi Jumatano hiyo Madam aliita karatasi kuanzia ya juu kwenda chini. Hiyo ndiyo desturi yake, na sisi wa fizikia tuko wachache, kwa hiyo aibu haichukui muda kumfikia mwenyewe. Nilisubiri jina langu likiwa la tatu au la nne. Likapita la tano, la sita. Jirani yangu aliitwa, akarudi akicheza mabega. Mimi niliitwa karibu mwisho. Nilipoigeuza karatasi niliona alama za mkato mwekundu zimejipanga kama ua wa seng'enge. Ukubwa wa nguvu nilikuwa nimepata kila mahali. Mwelekeo nilikuwa nimekosa karibu kila mahali, na Madam ana sheria moja ngumu: mwelekeo ukiwa mbaya, swali zima halina alama.

"Nguvu bila mwelekeo ni kama kumwambia mtu wa boda 'endesha tu'," alisema akizunguka. "Atakupeleka wapi? Sasa sikilizeni. Usajili wa mtihani wa taifa unafungwa karibuni. Nyote mna masomo nane, na saba yanatosha. Walio chini ya nusu, kesho asubuhi kabla ya paredi nawatoa fizikia. Si adhabu, ni kuwasaidia. Mtu mwenye neno, alilete leo. Alilete kwa mdomo, si kwa machozi."

Tulikuwa wanne chini ya nusu. Mmoja alionekana kufurahi. Mimi niliinamia karatasi. Bila fizikia, ile kozi ya mitambo ya hospitali ninayoitaka haiwezekani, na hilo sikuwa nimemwambia mtu yeyote isipokuwa mum. Nataka kuwa yule mtu anayeitwa mashine inapokataa kuwaka, anakuja na mkoba wake, haongei sana, anaitengeneza, anaenda. Kumbe na hiyo ilikuwa inaniponyoka hivyo hivyo, mchana kweupe, na mimi nimekaa.

"Enda umwambie," jirani yangu alininong'oneza.

"Nimwambie nini?"

"Kitu chochote! Mwambie uliandika ukiwa mgonjwa."

"Sikuwa mgonjwa."

"Aki wewe. Mtu anazama na bado anachagua maji."

Sikwenda. Saa kumi kengele ilipolia, tulianza kufagia maabara, zamu yetu wiki hiyo, na mimi nilifagia mahali pamoja mpaka jirani yangu akaniuliza kama natafuta mafuta. Ndipo Madam, ambaye alikuwa amekaa kwenye meza ya mbele ya maabara akiangalia tena karatasi zile, aliinua kichwa.

"Wewe, weka ufagio. Kuja hapa."

Nikaenda.

"Ulikuwa unabahatisha?"

Nilitikisa kichwa.

"Sisikii kichwa."

"Hapana, Madam."

"Najua hapana. Hebu angalia." Aliisogeza karatasi yangu kati yetu. "Mtu wa kubahatisha hukosa hapa, akapata pale. Wewe swali la elektroni umepata. Lile lingine la elektroni, umepata. Protoni, umekosa. Protoni, umekosa. Ioni chanya, umekosa. Kila palipo na chaji chanya umenipeleka upande wa pili kabisa, hata hujakosea digrii moja. Nimefundisha watu wengi, sijaona mtu akikosa kwa mpango namna hii. Sasa fanya moja nikiona."

Alichora misalaba midogo kwenye karatasi safi, maana yake uga unaingia ndani ya karatasi, kisha protoni inayokwenda kulia. Nikahesabu ukubwa. Halafu nikafanya kama ninavyofanya siku zote.

"Hiyo mkono ingine iko wapi?" Madam akauliza.

"Hapa chini, Madam."

"Inatafuta nini huko?"

Kicheko kikatoka mlangoni. Jirani yangu alikuwa amesimama pale na mkoba wake na wangu.

"Na wewe, ingia ama uende. Usisimame hapo kama bango." Akaingia. "Haya, lete hiyo mkono juu."

Nikauleta juu ya meza. Kidole cha shahada kikiingia kwenye karatasi, cha kati kikielekea kulia, na gumba limeanguka chini. Madam aliutazama. Akatazama mkono wangu mwingine ulioshika kalamu. Akanyoosha kidole, akaigusa ile kalamu polepole, kama mtu anayehakikisha ni ya kweli.

"Unaandika na kushoto."

"Ndiyo, Madam."

"Tangu lini?"

Tangu nizaliwe?

"Na vidole unaonyesha na kulia. Nani alikufundisha hivyo?"

Macho yangu yalienda yenyewe kwa jirani yangu.

"Madam, si mimi!" alisema. "Yaani ni mimi, lakini ni ile ya kila mtu. Pen iandike, mkono mtupu uonyeshe."

"Na mtu akiandika na kushoto?"

Jirani yangu aliitazama kalamu yangu. "Woi," akasema.

Kitabu kimeandika waziwazi kwamba hiyo ni sheria ya mkono wa kushoto, na mimi nilikuwa nimeisoma. Lakini mtu anayetumia kushoto huishi akigeuza maagizo ya watu. Nikifundishwa kukata kitambaa, nageuza. Kufuma sweta nilifundishwa na Kogo, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, naye alinikalisha mbele yake, si kando, ili nimwige kama kwenye kioo. Maisha yangu yote, mtu akisema kushoto akiwa ananifundisha kazi ya mikono, mwili wangu unasikia kulia. Kwa hiyo niliposoma "mkono wa kushoto", nilielewa "ule usioandika", nikageuza bila hata kujua nimegeuza.

"Lakini mbona elektroni nilipata?" niliuliza. Ni mimi niliyeuliza. Nilisikia sauti yangu ikiwa imeshauliza.

Uso wa Madam ulibadilika. Sijui niseme vipi. Ulifunguka.

"Swali zuri. Kidole cha kati hufuata nini?"

"Mwendo."

"Mwendo wa chaji chanya. Elektroni ni hasi. Ikienda kulia, kidole unakielekeza wapi?"

Hilo sikuwa nimewahi kuambiwa.

"Kushoto," jirani yangu alisema kwa sauti ndogo. "Elektroni unageuza. Aki nilisahau kukuambia hiyo."

"Basi ona," Madam alisema. "Umetumia mkono usiofaa, hilo ni kosa moja. Hukugeuza elektroni, hilo ni kosa la pili. Kwa elektroni makosa mawili yamekutana yakasameheana. Kwa protoni lilibaki moja, likakumaliza." Akaipanga karatasi isiyohitaji kupangwa. "Siku ile nilifundisha vidole niliuliza darasani kama kuna anayeandika na kushoto. Hakuna aliyeinua mkono. Sikukumbuka kwamba kuna aliyekuwa nyumbani. Na nimekusahihishia kazi yako tangu mwaka juzi, sijawahi kuangalia unaandikaje. Hiyo ni yangu."

Sijawahi kusikia mwalimu akisema hivyo. Nilitaka kumwambia asante, nikaishia kusema, "Sawa, Madam."

Nilidhani mambo yameisha. Hayakuwa yameisha.

"Lakini nilisema mbele ya watu kwamba walio chini ya nusu wanatoka," aliendelea. "Siwezi kumeza maneno yangu nikiwa na wewe tu hapa, wengine waseme nina kipenzi. Kesho asubuhi, kabla ya paredi, utafanya swali moja ubaoni. Wote wakiwa wamekaa. Mkono juu, mahali unapoonekana, na unaeleza kwa mdomo. Ukifanya hivyo, unabaki."

"Madam, naweza kuandika tu maelezo yote vizuri..."

"Umeandika tangu form one. Sasa nataka kusikia."

Tulirudi nyumbani kwa miguu, jirani yangu akiongea njia nzima. Aliomba msamaha kila tulipovuka barabara. Mwishowe nilimwambia anyamaze, kwamba kama si yeye nisingejua hata hivyo vidole, na hilo ni kweli. Akasema, "Basi kesho ukianguka nitaanguka na wewe, tutasema ni njaa." Tuliachana pale njia ya kwao inapokata.

Sisi tunakaa Section 58, nyumba ya nyuma kwenye ploti, mimi na mum. Mum hushona mapazia. Nilimkuta amemaliza kazi mapema, anamenya waru, yaani viazi, mlangoni. Aliniangalia mara moja tu.

"Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Basi mbona hiyo sura?"

Nilimweleza yote nikiwa nimechuchumaa kando ya sufuria. Nilimwonyesha vidole, kulia kwanza, halafu kushoto. Mum alinyoosha vyake pia akijaribu, kisu kikiwa bado mkononi.

"Hii ya kati inaenda huku?"

"Ndiyo. Hiyo ni mwendo."

"Usiinyooshee mtu hapa nje. Watakupiga kabla hawajaelewa."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu, sijui kwa nini, nikaanza kulia kidogo. Mum aliendelea kumenya. Yeye hajui kubembeleza kwa maneno, ila huwa haondoki.

"Ulipokuwa mdogo kule Keringet, kwa Kogo," alisema, "watu walitaka ufungwe huo mkono kitambaa. Ili uzoee ule mwingine."

Nilijua kipande cha hiyo hadithi. Kwa Kogo, mgeni hapewi chai kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa nikinyoosha kikombe, yeye ananishika kifundo, anakihamishia kulia, mbele ya wageni, bila ukali lakini bila kusahau hata siku moja. Nilijifunza mapema kwamba huo mkono wangu ni wa kukaa chini, si wa kuonyeshwa watu. Kilichonishangaza ni mum aliposema ni yeye na Kogo walioketi wakapatana. Mum alisema, kikombe sawa, salamu sawa, lakini kalamu mwachie. Na Kogo, ambaye hakuwahi kwenda shule, alifikiri siku nzima kisha akasema kalamu hainyweshi mtu, basi iachwe.

"Sikujua," nilisema.

"Ungejua vipi? Ulikuwa unakula udongo."

Alipanguza mikono, akampigia Kogo simu. Kogo huongea kwenye simu kana kwamba anamwita mtu ng'ambo ya bonde, kwa hiyo sikuhitaji kuambiwa alichosema. Alisema kwa Kikale, lugha ya kwetu, nami naandika kwa Kiswahili.

"Huo mkono, utawapa watu kitu nao?" aliuliza.

"Hapana, Kogo. Nitawaonyesha tu."

"Watakula hicho kitu?"

"Hakiliki. Ni nguvu."

"Nguvu?" Nilisikia kuku nyuma yake. "Kama ni kuonyesha, onyesha. Ni kupeana ndiko kubaya. Na uoshe makucha."

Nikaosha makucha. Kabla ya chakula nilifanya maswali, mkono wa kushoto juu, wa kulia nimeukalia ili usiingilie. Mum alikuwa darasa langu. Alikaa kwenye stuli na kuniambia "sisikii" kila sauti iliposhuka, hata aliposikia. Nilimfundisha protoni, nikamfundisha elektroni, na alipouliza kama hizo chembe zinaumia zikisukumwa, nilicheka nikasema hapana, kasi yake haipungui. "Basi hiyo si kusukumwa kubaya," alisema, akaenda kugeuza ugali. Nimefikiria sana hilo tangu siku hiyo. Watu walionigeuza Jumatano moja walikuwa wengi kuliko nilivyostahili, na hakuna hata mmoja aliyenipunguzia kitu.

Asubuhi ya Alhamisi mum alinipikia uji. Niliunywa nusu, nikaficha nusu kwa kuufunika. Shuleni baridi ilikuwa bado imeshika, ile baridi kavu inayotangulia jua kali. Maabara ilikuwa imejaa, maana habari za mtu kutolewa somo huvuta watu. Wale wengine watatu wa chini ya nusu walikaa benchi la mbele. Mmoja wao ni msichana anayekaa Karagita likizo, kwa mama yake anayefanya kazi ya maua, na hapa mjini anakaa kwa shangazi. Alikuwa anauma kifungo cha sweta.

Madam alichora misalaba ubaoni, protoni ikielekea kulia, akaandika kasi na uga. Akaniangalia. Hakusema neno la kunitia moyo. Namshukuru, kwa sababu kama angelisema ningelia.

Nilikwenda. Niliandika ukubwa kwanza, hapo niko nyumbani. 9.6 × 10⁻¹⁴ niutoni. Halafu nikaweka chaki chini, nikainua mkono wa kushoto.

Mtu nyuma akacheka, jirani yangu akamwambia, "Cheka ukiwa ubaoni." Nilielekeza kidole cha shahada kwenye ubao. "Uga unaingia ndani," nilisema. Cha kati kulia. "Protoni inaenda huku." Na gumba, bila mimi kulilazimisha, likasimama wima juu. "Nguvu inaenda juu."

"Sisikii," Madam alisema kutoka nyuma kabisa.

"Inaenda juu!" Ilitoka kali, nusu kelele. Mimi mwenyewe nilishtuka.

"Na ingekuwa elektroni?"

Niligeuza kiganja, kidole cha kati kikatazama kushoto, gumba likaanguka. "Chini. Ukubwa ni ule ule, kwa sababu chaji zao zinalingana na kasi ni moja. Ni mwelekeo tu unaogeuka."

"Kwa nini umegeuza kidole?"

"Kwa sababu kidole hufuata chaji chanya, na elektroni ni hasi."

"Unabaki," Madam alisema. "Kaa."

Sikukaa, kwa sababu yule msichana wa benchi la mbele alikuwa ametoa kifungo mdomoni.

"Hapo kwa kugeuza sijashika," alisema, akiniuliza mimi, si Madam. "Unaweza kurudia?"

Nilimtazama Madam. Madam alikuwa anatazama dirisha, kama mtu ambaye hayupo. Kengele ya paredi ilikuwa bado. Nikamwambia yule msichana aje ubaoni alete mkono wake wa kushoto, nikamshika kifundo, na nikaanza upya na protoni.